Mawazo haibebwi na kichwa kimoja

Kwetu Lubumbashi, mtu akipita na uso ulioanguka, hatumwulizi kwanza kama ni mgonjwa. Tunamwuliza: «Uko na mawazo?» Katika Kiswahili cha vitabu, mawazo ni yale tu ambayo mtu anafikiri. Lakini katika Kiswahili chetu cha Katanga mawazo ni mzigo. Ndani yake kuna deni la duka, minervali ya watoto, mgonjwa aliyelala hospitalini, ugomvi wa nyumba, na ile hofu ya usiku isiyokuwa na jina. Ndiyo maana wakubwa wanasemaka: «Mawazo inauaka mutu.»

Siku hizi vijana wanaita jambo hili stresi, na wanafikiri limekuja pamoja na simu na kazi ya ofisi. Sivyo. Bankambo wetu hawakuwa na neno hilo, lakini walizika watoto, walikimbia vita, walilipa kodi ya wakoloni, walipata miaka ambayo mvua haikunyesha. Waliubeba mzigo huo namna gani? Katika kurasa hizi ningependa kueleza jibu moja tu: hawakukubali mtu abebe mawazo peke yake. Na hawakuishia kwenye huruma ya mdomo. Walikuwa na utaratibu, wenye saa yake, wenye kanuni zake na wenye watu wake.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nilitoka ISP na diploma yangu, na chaki iko mikononi mwangu karibu miaka 20 sasa. Wasomaji wengi wanajua maisha yetu. Tangu Septemba 2019 masomo bila malipo yalianza katika nchi yetu, lakini ni kwa shule za msingi za serikali. Kwetu sekondari wazazi wameendelea kulipa. Kwa hiyo mwalimu wa sekondari yuko na mawazo mara mbili: kama mfanyakazi anangojea pesa ya wazazi, na kama mzazi yeye mwenyewe anatafuta pesa ya watoto wake. Mwezi wa Septemba, katika chumba cha walimu, unaweza kusikia kimya.

Mji wetu ulikwisha kujifunza somo hili kwa uchungu. Union Minière, iliyotaifishwa mwaka wa 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines, iliwapa wafanyakazi nyumba, hospitali, shule, na poso ya unga. Watu wakasema: «Kazi njo baba, kazi njo mama.» Katika miaka ya 1990 uzalishaji wa shaba ulianguka. Kutoka mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka kazini kwa mpango ulioitwa «départ volontaire», uliosaidiwa na pesa ya Benki ya Dunia. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa amekwisha kuandika, katika kitabu kilichotoka mwaka wa 2001, juu ya hawa «bana Shaba» walioachwa na baba yao.

Wakati huo nilikuwa kijana wa masomo, na katika kartie yetu niliona majirani wawili waliotoka kazini pamoja. Wa kwanza alifunga mlango. Aliona haya ya kuonekana barabarani saa za kazi, akakaa na radio yake, hata bibi yake hakujua deni lilikuwa ngapi. Wa pili alitoa kiti, akakikalia chini ya mwembe, akaanza kutengeneza velo. Hakupata falanga nyingi. Lakini wenzake wasiokuwa na kazi walianza kuja, mmoja na benchi lake, mwingine na habari ya shamba la kukodi, mwingine na kicheko tu. Sisemi kwamba walitajirika. Nasema kwamba wa chini ya mwembe walijua nani amelala njaa, na yule wa ndani hakuna aliyejua habari yake.

Kumbe ule mwembe haukuwa jambo jipya. Nkambo yangu mwanamke, aliyetoka upande wa mto Luapula, alitueleza juu ya nsaka ya kijiji chao. Nsaka ni kibanda kisichokuwa na kuta, pale wanaume walikaa, walikula pamoja, na kukata maneno. Nilimwuliza juu ya nini hawakuweka kuta. Akajibu: «Ukiweka kuta, utajua namna gani kama mwenzako hakukuja?» Mtu akikosa siku mbili, mtoto alitumwa kwake. Wanawake nao walikuwa na nsaka yao bila kuijenga: kwenye kinu, na kwenye njia ya maji. Huu ndio utaratibu wa kwanza: mahali panapoonekana, saa inayojulikana, na kiti ambacho kikibaki bure watu wanauliza.

Utaratibu wa pili ni likilimba. Vijana wanafikiri ni akiba tu. Tuangalie vizuri namna inavyotembea. Sisi walimu 12 tunaweka kila mmoja 30 000 franka kwa mwezi, na mmoja wetu anapokea 360 000. Mwezi unaofuata ni zamu ya mwingine, mpaka wote 12 wamepita. Ukihesabu, hakuna aliyepata faida hata ya franka moja: kila mmoja alitoa 360 000 na kila mmoja alipokea 360 000. Basi likilimba inazaa nini? Inazaa tarehe. Mtu anayejua kwamba mwezi wa tano ni zamu yake, deni lake linakuwa na mwisho, naye analala usingizi. Tena tuko na kanuni moja tuliyoipata kwa wamama wa soko: mwenye kilio ao mgonjwa anapita mbele, na hakuna anayenung'unika. Lakini ili apite mbele, anapaswa kufungua kinywa na kusema shida yake mbele ya wenzake. Pale ndipo dawa iko. Pesa inafuata neno.

Utaratibu wa tatu unashangaza wageni wengi: ni kicheko katika kilio. Kwa desturi ya Babemba na ndugu zao, koo fulani ziko na utani kati yao, unaoitwa bunungwe. Wa ukoo wa Mamba anamtania wa ukoo wa Samaki, kwa sababu mamba anakula samaki. Wa ukoo wa Mvua anamtania wa ukoo wa Uyoga, kwa sababu bila mvua uyoga hauoti. Munungwe anaweza kukutukana mbele ya watu na huruhusiwi kukasirika. Lakini siku ya kilio chako yeye ndiye anashika kazi nzito ambazo wenye uchungu hawawezi. Katika mji wetu, pale ambapo makabila mengi yalichanganyika, bajukulu ndio wanafanya kazi hii ya kuchekesha.

Mama yangu alipofariki, nilikuwa mkubwa wa nyumba. Nilisimama siku mbili kama mti, nikipokea watu, nikihesabu kuni na unga, bila kulia na bila kula. Usiku wa pili mjukuu wake akatoka ndani ya nyumba amefunga kitambaa cha marehemu kichwani, amevaa miwani yake, ameshika fimbo yake. Akasimama mbele ya moto, akakohoa vilevile mama alivyokuwa akikohoa, akaanza kugomba: «Nani alimaliza sukari yangu? Batoto ba hapa banakulyaka sukari sawa nyuki! Na ule mwalimu, anafundisha batoto ya batu, na ya kwake inaiba!» Kiwanja kizima kilicheka. Nami nilicheka, na ndani ya kicheko machozi yakapata njia. Nililia mpaka shati likalowa. Halafu mama mdogo akaweka bukari na lengalenga mbele yangu, akasema neno moja tu: «Kulya.» Nikala.

Hapo ndipo nilielewa. Ule mjukuu hakumkosea marehemu heshima. Bankambo walijua kwamba uchungu uliofungwa unakula mwili, basi walichagua mtu, wakampa ruhusa ya kuufungua. Mwaka wa 2020, wakati wa Covid-19, serikali ilikataza vilio nyumbani na katika salles. Maiti zilipelekwa moja kwa moja kutoka morgue mpaka makaburini, na watu wachache tu. Ilikuwa lazima kujikinga. Lakini nilisikia jamaa zaidi ya moja zikisema, hata miezi baada ya maziko: «Kile kilio akiyaisha.» Mfu alizikwa, mawazo yalibaki juu ya ardhi.

Walakini, ndugu wasomaji, tusipambe desturi sawa bibi-arusi. Ziko ambazo leo zinaongeza mzigo badala ya kuupunguza. Kilio kimekuwa sherehe: viti vya kukodi, muziki, bia, t-shirt zenye picha ya marehemu. Jamaa inatoka makaburini na deni la miezi mingi. Vijana wengine wanajifanya bajukulu wa kila mtu, wanafunga barabara na kudai pesa kwa nguvu kwa watu wasiowajua. Hicho si kicheko tena, ni unyang'anyi. Likilimba nayo inavunjika mtu akipokea wa kwanza na kuhama kartie. Desturi inayompa mtu mawazo mapya siku ya uchungu wake imesahau kazi yake. Tubakie na kikao, moto na kicheko; t-shirt ziende.

Tena kuna jambo ambalo bankambo hawakuweza kuliona kwa macho: tansio. Mwalimu mwenzetu mmoja, mcheshi sana darasani, alianguka mbele ya ubao asubuhi moja. Mdomo ulipinda, mkono wa kuume ukafa. Watu wa nyumba walisema amerogwa, juu ya cheo. Walitafuta kwanza mfumu, halafu chumba cha maombi, na hospitali ikawa ya tatu, siku iliyofuata. Aliishi, asante Mungu, lakini leo anajifunza kuandika na mkono wa kushoto. Ndipo bibi yake alipotuonyesha vidonge vya tansio chini ya godoro. Alikuwa navyo zaidi ya mwaka, alivimeza tu siku kichwa kilipouma, na hakumwambia mtu, hata sisi tuliokaa naye meza moja.

Wamuganga wanatufundisha mambo ambayo kila mmoja anaweza kushika. Tansio ya juu mara nyingi haiumi, kwa hiyo kungojea kichwa kiume ni kujidanganya. Mashini ikionyesha 140 kwa 90 ao zaidi, na ikarudia siku mbalimbali, ni lazima kumwona muganga. Dawa inamezwa kila siku, hata ukijisikia vizuri. Chumvi isipite gramu 5 kwa siku, kama kijiko kidogo kimoja, na ndani ya hesabu hiyo kuna samaki wa chumvi na vile vi-cube vya supu. Pombe ipunguzwe, na kutembea kwa miguu ni dawa isiyolipwa. Na mdomo ukipinda, mkono ukikosa nguvu ao maneno yakichanganyika, ni hospitali saa ileile. Mawazo si chanzo pekee cha tansio. Kuna chumvi, uzito, umri, na damu ya ukoo. Lakini mwenye mawazo analala vibaya, anakunywa zaidi, anasahau dawa yake, na anaficha.

Kuficha ndiko kulikomwangusha mwenzetu, na kuficha ndiko bankambo walikokataza walipojenga nsaka bila kuta. Nkambo alikuwa akirudilia mezali ya Kibemba ambayo Waswahili nao wanaijua: kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo katika likilimba yetu tulibadilisha utaratibu. Bibi ya mmoja wetu ni muuguzi. Siku ya kukutana, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, anakuja na mashini ya tansio. Kabla ya kuhesabu pesa, kila mmoja anatoa mkono. Mwanzoni wanaume walikataa, wakisema mambo ya mwili ni ya siri. Basi munungwe wangu, mtu wa ukoo wa Mvua, akaniambia mbele ya wote: «Weye kiyoga, toa mukono, tuone kama uko na damu ao uko na maji tu!» Walicheka, nami nikawa wa kwanza. Siku hiyo watu wawili kati ya 12 walikutwa na hesabu ya juu bila kujua. Muuguzi aliwapima tena siku nyingine, akawatuma kwa muganga. Mmoja hakuwa na pesa ya kuanza dawa. Alipita mbele katika zamu, kwa ile kanuni ya wamama wa soko.

Ninawafundisha wanafunzi wangu wa mwaka wa sita kwamba utamaduni si nguo za kuvaa siku ya sikukuu. Ni namna ambayo watu walipata ya kuishi pamoja na taabu bila kuangamia. Kama mko na likilimba katika soko, katika ofisi, katika kanisa ao katika kartie, hamhitaji kujenga kitu kipya. Kiti kiko, siku iko, watu wako. Anzeni kwa kuuliza nani hakukuja, na juu ya nini. Halafu kila mtu atoe mkono wake. Pesa mtaihesabu mwisho.