Kichupa cha 'utafiti' ndani ya friji ya nyumbani

Mzazi akikuta sigara mfukoni mwa mwanawe, anajua la kusema. Akikuta kichupa cha unga mweupe ndani ya friji, kimeandikwa Kiingereza kwamba ni cha utafiti tu na si cha kutumiwa na binadamu, maneno humwishia.

Ndivyo ilivyomkuta mama mmoja wa Ngamiani, Tanga. Kijana wake, mpenzi wa kunyanyua vyuma, hakuficha.

"Hii si dawa, Mama. Ni peptidi, najichoma bega lipone. Ingekuwa mbaya, wangeiuza?"

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi za amino, zile zinazojenga protini. Nyingine ni dawa kweli: oksitosini, anayochomwa mama asivuje damu nyingi baada ya kujifungua, ni peptidi. Lakini hiyo imepimwa na kusajiliwa.

Maandishi ya "utafiti tu" si kibali, yanamkinga muuzaji. Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, inatazama matumizi: kitu kinachouzwa ili kutibu au kurekebisha utendaji wa mwili ni dawa. Na dawa haiingizwi wala kuuzwa Tanzania Bara bila usajili au kibali maalumu cha TMDA, mamlaka iliyorithi kazi ya TFDA mwaka 2019.

Utafiti wa kweli Tanga inaujua. Kuanzia 2009 hadi 2014, Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11 vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Wazazi walielezwa kwanza, wakaridhia kwa saini au dole gumba, kisha watoto wakafuatiliwa kwa miaka.

Mama yule hakugomba. Aliuliza tu: "Mtafiti wako nani, mwanangu? Bega likivimba usiku, nani anaandika?"

Kijana alikaa kimya. Kesho yake walikwenda pamoja kwa daktari, kichupa mkononi.

Mzazi, ukikuta kichupa kama hicho, usikimwage kwa hasira. Kichukue pamoja na mwanao hadi kwa daktari au mfamasia, muulize mambo mawili: kimesajiliwa? Na ameshajichoma mara ngapi? Kijana atakayeogopa kipigo hatalijibu la pili, nalo ndilo daktari analolihitaji zaidi.