Pate na Nyumba Tunazozigombania

Chombo hakifiki mjini Pate ila maji yajaapo. Ukishuka, wapokewa na kuta za matumbawe zilizobomoka, na kati yake mashamba ya tumbaku. Mahame hayo ndiyo yaliyomzindua Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir akatunga Al-Inkishafi. Hakuwahutubia jirani zake. Aliuhutubia moyo wake mwenyewe. Ndiyo sababu wazee wetu waliupenda utenzi huu: asomaye hana wa kumnyooshea kidole ila nafsi yake. Ndugu mnaohasimiana kwa nyumba ya marehemu baba, usomeni pamoja kabla ya kumwendea kadhi. Mafungu ya warithi yamekwisha kubainishwa katika Suratun-Nisaa. Kilichobaki ni nyoyo kuridhika. Mola atuongoe.