Mbwa Huyu wa Nani?

Nilizaliwa Makambako mwaka 1964, wakati Makambako yenyewe haijawa mji. Ilikuwa njia panda: barabara moja yaelekea Mbeya, nyingine yakata kusini kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA ilipojengwa, kati ya 1970 na 1975, baba alipata kibarua cha kutunza njia, nasi tukahamia jirani na stesheni. Nilisoma, nikafaulu kiasi cha kutosha, nikachaguliwa chuo cha mifugo Morogoro. Nilikwenda kusomea ng'ombe wa maziwa. Sikumbuki hata mwenzetu mmoja aliyesema amekuja kwa ajili ya mbwa. Katika madaftari yangu ya miaka ile mbwa ana kurasa chache: kichaa, minyoo, upele, basi.

Mwaka 1986 nilipangiwa Lupembe. Ukitoka Njombe unapita Kibena, kisha unashika barabara ya mashariki inayopanda na kushuka kati ya mashamba ya chai na misitu ya kupandwa. Ukiipita Lupembe na kuendelea mbele, unateremkia Madeke, kwenye joto na mananasi. Masika barabara hiyo ilikuwa tope tupu, na Juni na Julai baridi ilikuuma vidole hata usiweze kushika bomba la sindano. Nilikabidhiwa baiskeli, koti la mvua na mkoba wa dawa. Watu waliniita dokta, ingawa cheti changu hakikusema hivyo, na wazee waliniita mwanangu walipotaka nisiwatoze.

Karibu kila nyumba niliyopiga hodi ilikuwa na mbwa. Huku Ubena, ambako walio wengi ni Walutheri na Wakatoliki, mbwa hana mwiko, ana kazi. Anafukuza ngedere na nguruwe pori kwenye mahindi, analinda banda la nguruwe, anafuatana na vijana kuwinda mabondeni. Kazi anayo, lakini mwenyewe hana. Hilo ndilo lililonishughulisha katika utumishi wangu wote, kuliko hata hao ng'ombe niliowasomea.

Nililigundua mapema, tulipoagizwa kuorodhesha mbwa kabla ya chanjo ya kichaa. Naingia uani, nasalimia, shikamoo baba, marahaba, habari za shamba. Kisha nauliza: "Mbwa huyu wa nani, baba?" Mzee anamtazama mbwa kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Huyu? Anakujaga tu hapa." Na mbwa mwenyewe amelala juu ya gunia lililokunjwa vizuri, kando ya bakuli lake. Wengine waliogopa kodi. Wengine walijua kwamba mbwa akiua mbuzi wa jirani, anayeitwa kwa mtendaji ni aliyekiri kumfuga. Kwa hiyo mbwa wa Lupembe alikuwa na mwenyewe usiku. Kukicha, akawa wa kijiji.

Walionisaidia ni watoto. Mzee akisema anakujaga tu, mtoto anaruka: "Huyu wa kwetu, anaitwa Watasema!" Nikaacha kuwauliza wenye nyumba, nikawauliza wanafunzi wa shule ya msingi, na daftari langu likajaa kina Simba, Popi na Jeki, pamoja na majina ya mafumbo kwa majirani: Watasema, Mtanizoea, Haiwahusu. Siku ya chanjo walioleta mbwa walikuwa watoto haohao, kwa kamba za katani, waya, hata kitenge cha mama. Chanjo ilitoka Njombe ikiwa ndani ya deli lenye barafu, na nikilala njiani niliomba nafasi kwenye friji ya mafuta ya taa ya misheni. Siku hizi kazi imekuwa nyepesi kidogo: utafiti uliofanyika hapa Tanzania umeonyesha kwamba aina mojawapo ya chanjo hiyo hustahimili miezi kadhaa kwenye joto la nyuzi 25, na Lupembe joto hilo ni la nadra.

Foleni ile ndiyo iliyonifundisha tabia za mbwa kuliko chuo. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa kamba maishani, leo amefungwa, amezungukwa na mbwa asiowajua, na mtu mwenye harufu ya dawa anamjia usoni. Atauma, na hana kosa. Nikajizoeza kumwendea kwa ubavuni, bila kumkodolea macho, na kumwacha aninuse kwanza. Anayemshika ni yule anayempa chakula, hata kama ni mtoto, mradi mkubwa wake yupo karibu. Mbwa mwenye wasiwasi nilimfunga mdomo kwa ukanda wa bandeji, nikachoma haraka chini ya ngozi ya shingo, nikamfungua palepale, kwa maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema na hafai kukaa amefungwa mdomo. Na foleni yenyewe niliitawanya: mbwa mmoja hapa, mwingine kule chini ya mti. Ugomvi ukapungua.

Halafu kichaa kilikuja. Nieleze kwa ufupi, maana hata sasa si habari nyepesi. Kijana mmoja mchuma chai aliumwa kidoleni na mtoto wa mbwa aliyekuwa akicheza naye. Jeraha lilikuwa dogo kiasi kwamba hakumwambia mtu. Wiki kadhaa baadaye mkono ukawaka moto, kisha akaanza kuyaogopa maji; akipewa kikombe, koo linakaza. Virusi vya kichaa huingia na mate, hufuata mishipa ya fahamu polepole hadi kwenye ubongo, mara nyingi kwa mwezi mmoja hadi mitatu, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Kijana alikufa. Nilizunguka kijiji kizima nikitafuta mbwa mama na watoto wengine wa uzao ule, ili nijue nani zaidi ameumwa. Kila mlango niliambiwa hawamjui. Kunyamaza huko ndiko kulikoniumiza, kwa sababu kungeweza kuua wengine.

Tangu siku hiyo nilihubiri jambo moja kanisani baada ya ibada, kwenye mnada, hata kwenye vilabu vya ulanzi: ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Usipake unga, usipake majani, usifunge kwa kitambaa ukalala. Mbwa aliyeuma, kama anaonekana mzima, afungiwe na atazamwe kwa siku 10. Akiwa hai na buheri wa afya baada ya hapo, hakuwa na kichaa katika mate yake siku alipouma. Akifa kabla ya siku hizo, mwite mtaalamu; kichwa hufungwa kwenye barafu na kupelekwa maabara ya mifugo Iringa, ambako ubongo unapimwa.

Vilabu vya ulanzi nimevitaja kwa makusudi. Msimu wa mvua, mianzi inapogemwa, majeruhi wa mbwa waliongezeka. Mtu ametoka kilabuni anayumba, anaimba, anakata njia ya mkato uani kwa watu. Mbwa haelewi pombe. Anaona mwendo asioujua gizani. Asubuhi mtu huyo anataka mbwa auawe. Niliamua kesi nyingi za namna hiyo, na nyingi nilimtetea mbwa.

Ilikuwepo pia misako ya kupiga mbwa risasi, kila hofu ya kichaa ilipopanda. Nilishuhudia. Wanaopigwa ni wale wanaoonekana, wapole wanaolala barabarani, ambao baadhi yao tulikuwa tumewachanja. Wakali wanakimbilia vichakani. Baada ya miezi michache watoto wa mbwa wanaletwa kutoka vijiji vya jirani kujaza nafasi, wote hawajachanjwa, na tumerudi nyuma ya tulipoanzia. Shirika la Afya Duniani linasema hivyohivyo: kuua hakukomeshi kichaa, kinachokikomesha ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kurudia bila kuchoka. Duniani watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na karibu wote wameambukizwa na mbwa.

Nilihamishiwa Makambako wakati Njombe imekwisha kuwa mkoa, mwaka 2012. Fedha za mbao, na baadaye za parachichi, zilikuwa zimeinua mageti na kuta, na nyuma ya mageti wakaja mbwa wa kununuliwa: German Shepherd, Rottweiler, Boerboel. Wenyewe walikuja kwangu na swali moja kwa sura mbalimbali. Wapya walitaka mbwa awe mkali. Baada ya mwaka walitaka apoe.

Ukali walikuwa wameutengeneza wenyewe. Kuna imani kwamba mbwa alishwe pilipili, afungiwe gizani mchana, asizoee watu. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alikuwa na Rottweiler aliyekaa kwenye kibanda cha mabati tangu alfajiri hadi saa tatu usiku. Alimng'ata kijana wa kazi aliyempelekea ugali. Niliomba kuona maisha ya mbwa yule kwa siku nzima, nikaona hana maisha. Rottweiler ametokana na mbwa waliosaidia wachinjaji wa mji wa Rottweil, Ujerumani, kuswaga ng'ombe. Ana mwili wa kazi na si wa kibanda. Tulianza na mambo manne: kibanda kikapata upande wa wavu aone watu, akatembezwa kwa kamba asubuhi na jioni, akafundishwa kukaa chini kabla ya bakuli kuwekwa, na akawekewa mtu mmoja wa kumlisha, yuleyule kila siku. Fimbo ikapigwa marufuku, kwa sababu mbwa anayepigwa anaponguruma hujifunza kuuma bila kunguruma. Ilichukua miezi. Hakuwa kondoo, lakini kijana aliingia na kutoka bila jeraha.

Mwalimu mstaafu aliniletea German Shepherd aliyekimbiza kila bodaboda. Jamii hiyo ilianza kuandikishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Kinachokimbia lazima akizungushe. Ukimpiga, unampiga kwa kufanya kazi aliyozaliwa nayo. Nilimshauri mwalimu ampe kazi nyingine: kutafuta kitu kilichofichwa, kuitwa na kurudi akiwa kwenye kamba ndefu, kukaa mbali na barabara na kupewa nyama kila pikipiki inapopita naye ametulia, kisha kusogea kidogo kidogo. Boerboel, mlinzi wa mashamba ya Afrika Kusini, tatizo lake ni jingine: ni mzito, anamlinda mwenyewe, na huamua peke yake nani ni mgeni. Huyo lazima atambulishwe kwa watu wengi angali mdogo, tena akae kwa mtu mzoefu. Kumweka na watoto na mlinzi wa kibarua anayebadilishwa kila mwezi ni kutafuta msiba.

Na mbwa wetu wa kienyeji, asiye na cheti? Huyo wengi wanamdharau, mimi namheshimu. Anakula kidogo, anavumilia baridi ya Lupembe, na anasoma mtu kabla hajafungua mdomo. Shida yake kubwa huanza siku anapochukuliwa. Watu huchukua mtoto wa mbwa mara tu anapofumbua macho na kutembea, wakidhani ndipo atamjua mwenyewe. Kumbe kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kwamba kuuma kunaumiza. Akae nao hadi wiki 8. Baada ya hapo, mpaka kama wiki 14, azoeshwe watoto, wazee, pikipiki, kuku, mvua ya bati. Atakachokutana nacho kwa amani katika umri huo, hatakiogopa ukubwani; na mbwa wengi wanaouma nilioitiwa hawakuwa na ujasiri, walikuwa na hofu. Dume akihasiwa hupunguza uzururaji na ugomvi wa majike, lakini hofu haihasiwi.

Uingereza walitunga sheria mwaka 1991 ya kupiga marufuku mbwa wa jamii fulani, pit bull wakiwemo, na mwishoni mwa 2023 wakaongeza XL Bully. Sina ugomvi na tahadhari hiyo. Taya kubwa hufanya jeraha kubwa. Ila sheria ya namna hiyo isingewaokoa watu wangu wa Lupembe, ambako mbwa wanaouma hawana jina la jamii. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inaanzia pengine: inampa wajibu mwenye mnyama. Mimi naona hapo ndipo penyewe.

Nimestaafu, lakini bado napigiwa simu, na jibu langu halijabadilika. Mchukue akishatimiza wiki 8. Mchanje akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka; Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iwe kumbukumbu yako kama huna nyingine. Mlishe, mtembeze, mfundishe. Akimuuma mtu, jitokeze siku hiyohiyo, toa kadi ya chanjo, msindikize majeruhi hospitali na ulipe. Asiyeweza haya asifuge mbwa, ajenge ukuta.