Jina la Tenar
Nilipovunja ungo, shangazi yangu, ambaye sisi Waganda humwita ssenga, alinifunda: kupiga magoti, kunyamaza, kuvumilia. Niliitikia kila neno. Baadaye nilisoma The Tombs of Atuan, riwaya ya fantasia ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1971. Tenar anachukuliwa kwao akiwa na miaka mitano, anawekwa wakfu kuwa kuhani wa makaburi, na jina lake linafutwa. Sasa ni Arha, yaani Aliyeliwa. Unyago huo haumkuzi. Anakua anapolirudia jina lake na kuyaacha makaburi. Simlaumu ssenga, naye alifundwa hivyo. Ila najiuliza: katika yote niliyoitikia, yapi yalikuwa yangu?