Askari Hannah Szenes na Mama Yake



Katika mwezi huu wa Novemba, tunapowakumbuka marehemu wetu, tunawaalika mtafakari pamoja nasi habari za askari mmoja kijana, Myahudi, aliyeuawa mwezi kama huu mwaka 1944.

Hannah Szenes alizaliwa Budapest, nchini Hungaria, tarehe 17 Julai 1921. Baba yake, mwandishi wa tamthiliya, alifariki mwaka 1927, na mama yake, Katalin, akawalea Hannah na kaka yake. Shuleni alichaguliwa kushika uongozi katika chama cha fasihi, akanyimwa nafasi hiyo kwa kuwa ni Myahudi. Mwaka 1939 alihamia Palestina, akasomea kilimo, kisha akaishi na kufanya kazi katika kijiji cha ujamaa cha Sdot Yam, kando ya bahari. Alikuwa amesalimika.

Lakini mama yake alibaki Budapest. Hannah akajiunga na jeshi la Uingereza, akafunzwa kuruka kwa mwavuli, na Machi 1944 akateremka Yugoslavia pamoja na wenzake. Siku chache baadaye, tarehe 19 Machi, Ujerumani iliivamia Hungaria. Kati ya Mei na Julai, Wayahudi zaidi ya 400,000 walisombwa kwa treni, wengi wao wakipelekwa Auschwitz. Katika siku hizo hizo, mwezi Juni, Hannah alivuka mpaka kuingia Hungaria, akakamatwa.

Watesi walitaka maneno ya siri ya redio yake ya mawasiliano. Walimpiga, asiseme. Ndipo wakamleta Katalin, aliyedhani hadi saa ile kwamba binti yake yu salama Palestina. Walimtisha Hannah kwamba asiposema, mama yake ataumizwa. Alimwomba mama yake msamaha, na siri hakuitoa.

Hapo ndipo tunaposita. Kumsifu mtu anayetoa uhai wake mwenyewe ni rahisi. Lakini je, ni nani awezaye kuutia uhai wa mama yake katika mizani? Hatuamini hata kidogo kwamba Hannah hakumpenda mzazi wake. Siri ile ilibeba uhai wa wengine, na hakujiona ana haki ya kuwauza ili amkomboe wake. Njia zote mbili zilikuwa za machozi.

Katalin alifungwa katika gereza lilelile, akaachiliwa Septemba. Hannah alifikishwa mahakamani tarehe 28 Oktoba kwa kosa la uhaini. Alikataa kuomba ahurumiwe, na tarehe 7 Novemba akapigwa risasi, akiwa na umri wa miaka 23. Siku hiyohiyo Katalin alikwenda kuomba ruhusa ya kumwona, akaambiwa kwamba yamekwisha kutendeka.

Mwaka 1950 mabaki ya Hannah yalizikwa Yerusalemu, katika Mlima Herzl, kwa heshima kuu. Mama yake aliishi hadi mwaka 1992.

Wahenga walinena: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Katika utume wetu tumewazika vijana wengi, na tumeona jinsi neno "shujaa" linavyotamkwa upesi, kisha watu wakatawanyika. Ni neno la haki, lakini halitoshi. Wapendwa, baada ya kulitamka, tubaki tukae na mama.