Bastola Ndani ya Mkoba wa Mama

Mikoba yetu sisi akina mama haina siri. Mtoto akitaka peremende hutia mkono. Baba akitafuta ufunguo wa gari huambiwa, "Hebu tazama kwenye mkoba wa mama." Jambo hilo hatukulifikiria hata kidogo siku tulipokwenda kujifunza kubeba bastola.

Tulikuwa wanne, sote wake za watu, sote wakazi wa Houston, Texas, na tulifahamiana katika ibada ya Kiswahili. Wezi walikuwa wamevunja mlango wa mmoja wetu usiku, mumewe yuko kazini, yeye na watoto wamelala. Hawakumdhuru mtu, walichukua televisheni wakaenda zao. Lakini tangu siku ile usingizi ulimpotea, na hofu yake ikawa yetu sote.

Huko nyumbani Tanzania, bunduki tulizoea kuiona kwa askari mlangoni mwa benki, basi. Texas ni mambo mengine. Tangu Septemba 1, 2021, mtu wa miaka 21 au zaidi ambaye sheria haimkatazi silaha anaweza kubeba bastola hata bila leseni. Mwenzetu yule alikuwa amekwisha kununua yake. Sisi watatu tukasema, heri tusome kwanza, naye akakubali tufuatane.

Somo la leseni huchukua muda wa saa 4 hadi 6 darasani, kisha mtu hupiga risasi 50 kwenye shabaha, kwa umbali wa yadi 3, 7 na 15. Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alianza na kanuni nne alizozieneza Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyefariki mwaka 2006. Kila bastola ihesabiwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekee kitu ambacho hutaki kukiharibu. Kidole kisiguse triga mpaka umekwisha kulenga. Ujue unacholenga, na kilicho nyuma yake.

Hiyo ya nne ilitunyamazisha. Kuta za ndani za nyumba nyingi za kule ni mbao na bodi za jasi, na risasi hupita. Nyuma ya ukuta wa sebule, ndugu msomaji, kuna nani? Wamelala watoto.

Kisha mwalimu akaweka bastola mezani, akamwomba mwenzetu mwenye silaha aondoe risasi zote. Akachomoa magazini kwa madaha, akasema, "Tayari, ni tupu." Sote tukaitikia kwa vichwa. Mwalimu akavuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, na risasi ya bandia ikaruka ikaanguka mezani. Kumbe magazini ikitoka, risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba, nayo katika bastola nyingi hufyatuka vilevile. Magazini hutolewa kwanza, ndipo chemba hufunguliwa, ikatazamwa kwa macho na kupapaswa kwa kidole. Ukigeuza utaratibu, ukafungua chemba huku magazini ingalipo, unaweza kutoa risasi moja na papo hapo kuingiza nyingine.

Tukadhani mwenzetu ataona aibu tu. Lakini uso wake ulibadilika kabisa. Kwa wiki mbili alikuwa akibeba bastola ile katika mkoba, mumewe ameijaza, na kila jioni yeye huchomoa magazini na kuiacha "tupu" mlemle, katika mfuko wenye zipu. Na mtoto wake wa miaka mitatu hujichukulia peremende humo.

Mwalimu hakumkemea. Alitueleza tu habari ya Desemba 2014 huko Hayden, Idaho, ambapo mtoto wa miaka miwili alifikia bastola katika mkoba wa mama yake dukani, ikalia, mama akafa. Mama yule alikuwa na kibali, na mkoba wake ulikuwa na mfuko maalumu wa silaha.

Mwenzetu akatoka mbio kumpigia mumewe simu, mkoba ufungiwe kabatini. Usiku akatupigia sisi. Walikuwa wamefungua chemba pamoja, mtutu ukielekezwa mbali na watu, na risasi ikaangukia kitandani.

Wawili kati yetu hatujanunua mpaka leo. Tulitia komeo imara milangoni. Yeye hakuiuza yake. Ameinunulia kasha la chuma lenye kufuli la namba. Mumewe alinung'unika kwamba mwizi hatasubiri namba, nasi hatukuwa na jibu la kumridhisha, ila kwamba mtoto yuko nyumbani kila siku. Tena sheria ya Texas humtia hatiani mtu anayeiacha silaha yenye risasi kizembe, mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia.

Siku hizi, kabla ya watoto wetu kwenda kucheza nyumbani kwa mtu, tunauliza, "Mna silaha? Imewekwa wapi?" Mara ya kwanza tulimwuliza mwenzetu huyo, na ilikuwa vigumu kama kumwuliza mtu mshahara wake. Hakukasirika. Alitupeleka chumbani tukajaribu kufuli wenyewe.