Kadi ya Ndizi

Mwanangu ana miaka 9 na ana usonji. Nalitaja neno hilo mapema kwa sababu hapa Mbagala amepewa majina mengine: ana pepo, amerogwa, amedekezwa. Daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa namna yake huko Marekani mwaka 1943, kwa hiyo jambo hili halikuanzia uchochoroni kwetu.

Tumeombewa sana, wala sijakataa kuombewa hata mara moja. Ila nikisoma Marko sura ya 9, habari ya baba aliyemleta mwanawe, huwa nasimama mahali ambapo wahubiri hupita haraka. Kabla ya kumponya, Yesu anamwuliza baba mtoto amekuwa katika hali ile tangu lini. Najua habari ile inataja pepo, sibishani nayo. Mimi nashikwa na lile swali. Mtu wa kwanza kuniuliza swali kama hilo alikuwa mtaalamu wa kliniki kule Muhimbili.

Alitupa kazi ya daftari. Kila mtoto anapopiga kelele na kujing'ata mkono, tuandike kilichotangulia na kilichofuata. Baada ya wiki mbili daftari likasema lenyewe: mara nyingi alikuwa anataka kitu na hana neno la kukiomba. Kilio ndicho kilikuwa neno lake. Basi tukabandika picha ya ndizi kwenye kipande cha boksi. Akiitaka, tunamshika mkono, anatoa kadi, anapewa ndizi na kusifiwa papo hapo. Siyo baada ya dakika moja. Papo hapo, ili aunganishe. Kliniki ni mara moja kwa mwezi, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa hiyo tiba yenyewe inafanyika nyumbani na mtaalamu mkuu ni bibi yake. Huyo alitusumbua! Kwa huruma alimpa ndizi kabla hajaomba. "Mama, mwache kwanza aombe," mke wangu alimsihi kila siku. Wiki ya 5 mtoto alimfuata bibi jikoni mwenyewe, kadi mkononi. Bibi akalia.

Kanisani shida ilikuwa spika. Tulianzia nje chini ya mwarobaini: wimbo mmoja, ndizi, kisha nyumbani. Baadaye mlangoni. Sasa tunakaa benchi la mwisho, naye ana kadi ya pili yenye picha ya ule mti. Akinipa, tunatoka, hata katikati ya mahubiri. Akianza kupiga kelele, tafadhali msimpe pipi ili anyamaze; nisaidieni kumwonyesha kadi.

Bado hupepesa mikono kwaya ikianza. Mzee mmoja aliniuliza tiba itamwachisha lini. Nilimrudishia swali la mtaalamu wetu: inamdhuru nani? Hiyo hatutaigusa. Jumapili iliyopita mwalimu wa watoto aliomba nakala za kadi. Nimemkatia tatu, na boksi limebaki.